Spidomita ya Mihambo na Jiwe Nililolisogeza

Jumatano, baada ya alasiri. Jua limewaka tangu asubuhi mpaka mbuzi wa jirani wamehamia kwenye kivuli cha baraza yangu bila kubisha hodi. Kalamu nimeidondosha mara mbili. Si uzee, ni furaha.

Daftari langu, leo nimeshinda. Nimeishinda spidomita, nimemshinda tajiri mwenye basi, na nusura nijishinde mie mwenyewe.

Ngoja nianze mwanzo. Ile miaka miwili niliyosoma skuli kabla sijatoroka, mwalimu alikuwa akinichapa kwa kosa moja tu, kuanza habari mkiani. Tena nilikuwa nikichapwa huku nacheka, basi ananiongeza.

Mie nakaa hapa Gongo la Mboto, na mara tatu kwa wiki napanda basi la Mihambo kwenda Kariakoo kuuza mikeka anayosuka mke wangu, Mwanahawa. Mihambo ni Mnyamwezi, mie Mzaramo. Kwa hiyo sie ni watani. Mtani humtukana mtani wake mbele za watu, humvua kofia akaondoka nayo, hata msibani kwake huingia kaburini akalala humo, asitoke mpaka apewe kitu. Na hakuna wa kukasirika. Atakayekasirika ndiye mwenye makosa.

Miaka minne sasa kila nikipanda nafungua mdomo kabla sijakaa. "Taratibu, mpagazi we! Babu yako alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora, leo wewe umepewa magurudumu unataka kupaa!"

Naye bila kugeuka: "Kaa chini, Mzaramo. Ninyi ngoma ikilia hata maiti mnaiweka chini mkacheze kwanza. Ukiendelea nakuteremsha Ukonga nikuuze kwa bei ya dafu."

Abiria wanacheka, safari inakuwa fupi. Ndivyo tulivyoishi.

Sasa, wiki mbili zilizopita basi lilipata mwenyewe mpya. Bwana Abeid, kijana wa Kiarabu, ametoka Hadhramauti juzi juzi kuja kushika mali ya ami yake aliyefariki. Mpole, mtu wa msikitini, na Kiswahili anakijua kuliko ninavyokiandika mie. Ila utani haujui. Kwao haupo. Siku hiyo alikaa kiti cha mbele kama abiria yeyote, na mie sikumfahamu.

Nikapiga kelele kama kawaida yangu: "Jamani, Mihambo yuko maili hamsini! Anatukimbiza hamsini, anataka tufe wote yeye abaki kurithi wajane!"

Watu wakacheka. Mmoja hakucheka.

Tulipofika Kariakoo akanifuata. "Shikamoo, mzee. Ni kweli huyu dereva huenda maili hamsini kwa saa?"

Daftari, hapa ndipo ningefunga mdomo. Sikuufunga. Nikamjibu, "Marahaba. Hamsini? Hamsini ni akiwa amesinzia. Akiamka ni sitini!"

Nikajiona hodari. Nikaenda zangu na mikeka yangu.

Kesho yake Bwana Abeid akakaa ubavuni mwa Mihambo na macho yake kwenye spidomita, ule mviringo wenye mshale unaoonyesha mwendo wa gari. Sharti lake kwa dereva lilikuwa basi lisizidi maili thelathini kwa saa. Mshale ukasimama kwenye arobaini na tano. Mihambo akaapa kwamba mwendo ni ule ule wa siku zote, na kwamba mshale huo ni mwongo. Tajiri akamwambia, kuanzia leo utafuata mshale, thelathini, basi.

Akafuata. Loo, aibu gani ile! Basi likawa linakwenda kama bibi harusi anayepelekwa kwa mume asiyemtaka. Muuza samaki mwenye baiskeli na kapu lake akalipita, akawapungia abiria mkono. Basi jingine la Pugu likawa linazoa abiria wake wote. Baada ya siku nane Bwana Abeid akasema, dereva anayejua mawili tu, kukimbia ovyo na kutambaa, huyo si dereva. Akampa mpaka Jumatano. Yaani leo. Leo Mihambo alikuwa akabidhi funguo, naye ana watoto sita na hana shamba hata la mhogo mmoja.

Mie haya yote sikuyajua mpaka juzi Jumatatu, maana mikeka ilikuwa imeniishia na siku zote hizo sikupanda basi. Nilipanda basi, nikamtukana kama desturi. Mihambo akageuka, akanitazama, akasema polepole:

"Shikamoo, mzee Kondo."

Basi.

Nimetukanwa na Wadachi, nimetukanwa na Waingereza, mama mkwe wangu alinitukana miaka kumi na tisa mfululizo. Hakuna lililoniuma kama ile shikamoo. Mtani akikuamkia kwa adabu, ujue amekutoa. Wewe si mtani wake tena, ni mzee fulani tu aliyepanda basi. Nikaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Abiria walidhani naumwa. Kondakta ndiye aliyeninong'oneza habari nzima.

Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Abeid dukani. Nikamweleza kwamba yale yalikuwa utani.

"Kwa hiyo ulisema uwongo, mzee?"

"Siyo uwongo, bwana. Utani."

"Tofauti yake nini?"

Nikamtolea habari ya kofia na kaburi, nikaona zinazidi kuniharibia. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Wewe unaweza kuwa na utani, mzee wangu. Mshale hauna utani."

Nilitoka pale nimefura. Si kwa hasira juu yake, alikuwa na haki. Nilikuwa na hasira na ule mshale. Miaka minne nimepanda basi lile, mwili wangu unaujua mwendo wake, ile haikuwa arobaini na tano. Lakini utaushindaje mshale kwa kusema mwili wangu unajua?

Nikamuuliza Mihambo ile spidomita ilitoka wapi. Akanijibu kwa adabu (tena ile adabu!) kwamba ya mwanzo ilivunjika mwaka jana, fundi mmoja akaing'oa nyingine kwenye lori la jeshi lililotupwa baada ya vita, akaitia humu. Mshale ukacheza, wote wakafurahi, hakuna aliyeuliza zaidi. Mihambo mwenyewe hakuwa akiutazama. Yeye huendesha kwa sikio.

Mzoga wa lori la namna hiyo upo hapa hapa njiani, kuku wanatagia ndani yake. Nikaenda kusimama kando ya gurudumu lake. Linanifika kifuani. Gurudumu la basi la Mihambo linanifika kwenye paja.

Nilipiga kelele peke yangu pale, kuku wakaruka.

Maana hili nalijua kwa miguu yangu. Mie mrefu, Mwanahawa mfupi. Tukienda kisimani bega kwa bega, mie natupa hatua mbili, yeye anatupa tatu. Tunafika pamoja. Sasa chukua mtu aliyefumba macho, anahesabu vishindo vya Mwanahawa na anadhani ni vyangu. Atasema, lahaula, huyu mzee anakimbia! Hakuna anayekimbia. Miguu ni mifupi tu. Na spidomita ndivyo ilivyo. Haioni barabara, imefumba macho, inahesabu mizunguko ya gurudumu. Ile ya lori imezoea miguu mirefu. Imefungwa kwenye miguu mifupi ya basi, inahesabu hatua nyingi, inapiga mayowe arobaini na tano.

Jana nikarudi kwa Bwana Abeid na hadithi ya kisima. Akacheka kidogo kwa pembe ya mdomo. "Maneno mazuri, mzee. Lakini ni maneno."

"Basi tupime. Barabara ya Pugu ina mawe ya maili, yanahesabiwa toka mjini. Gari likienda maili thelathini kwa saa moja, maili moja litaila kwa dakika mbili kamili. Saa ya mkononi unayo, ina mshale wa sekunde. Shika mwenyewe, asishike mtu mwingine."

Akafikiri, akasema sawa. Kesho, safari ya mchana, kutoka jiwe la tano mpaka la sita. "Ikiwa dakika mbili, Mihambo abaki. Ikipungua, aondoke, na wewe usiniletee tena mambo ya kisima."

Leo basi lilijaa. Habari zilikwisha kuzagaa, watu walipanda hata wasio na safari. Bwana Abeid mbele, saa mkononi. Mie nyuma ya dereva. Mihambo akaupandisha mshale mpaka arobaini na tano, akaushika pale pale, jasho linamtiririka shingoni. Jiwe la tano likaja, jeupe kwa chokaa.

"Hilo!" nikapiga kelele.

Bwana Abeid akatazama saa, kisha akataja tarakimu za maili zilizo ndani ya spidomita. Minazi inapita, injini inanguruma. 

"Na hilo!" Jiwe la sita.

Bwana Abeid akainamia saa yake. "Dakika moja na sekunde arobaini na tano." Akatoa penseli, akahesabu nyuma ya tiketi. "Ni maili thelathini na nne. Si arobaini na tano, mshale kweli unadanganya. Lakini thelathini na nne si thelathini, mzee wangu. Tulipatana."

Bi Tatu, muuza maandazi, akaangua kicheko. "Mzee Kondo, leo mdomo umekauka! Mpeni maji!"

Mihambo hakugeuka. Niliona tu mabega yake yameshuka.

Mie nikageuka nyuma kulitazama lile jiwe, nilitukane. Limekaa chini ya mkorosho, kivulini, limestarehe kama mke wa liwali. Na ule mkorosho nikautambua.

Daftari, sikiliza. Mdachi alipokwenda na kilomita zake, Mwingereza akaja na maili zake, ikabidi barabara ipimwe upya. Mie nilikuwa kijana, niliandikwa kazi ya kuvuta mnyororo wa bwana mpima. Minyororo themanini ni maili moja, nilihesabu mpaka nikawa naota. Bwana mpima alipita mbele, anatia kigingi kila maili. Sie tukaja nyuma na mawe, kila kwenye kigingi jiwe. Kigingi cha sita kilianguka katikati ya makaburi. Wazee wa pale wakatoka, wakasema jiwe la serikali halitasimama juu ya vichwa vya babu zetu. Tungefanya nini? Bwana mpima yuko mbele, analala hemani na homa yake. Tukang'oa kigingi, tukarudi nyuma kuelekea mjini tukivuta mnyororo. Mara kumi kamili, tukatoka nje ya makaburi, tukakuta mkorosho una kivuli kizuri. Tukasema, hapa panatosha, serikali haitakufa. Jiwe la saba tukalipanda mahali pake. Hatukumwambia mtu. Mie mwenyewe nilikwisha kusahau.

Kwa hiyo toka la tano mpaka la sita si maili! Imepungua minyororo kumi, na niliyeipunguza ni mie!

"Mihambo, usipunguze mwendo!" nikapiga ukelele hata Bi Tatu akadondosha andazi. "Shika hapo hapo kwenye arobaini na tano! Bwana Abeid, usiache kutazama saa!"

Nikayamwaga yote mbele ya watu: makaburi, kigingi, mkorosho. Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe nauli tunalipia maili iliyoibwa!" Bwana Abeid akanitazama vile vile alivyonitazama dukani.

"Huu ni utani au uwongo?"

"Huu ni ukweli, bwana, na nitakuonyesha sasa hivi. Ile maili ilikuwa fupi, basi hii ya sasa ni ndefu, maana jiwe la saba liko mahali pake. Zijumlishe. Maili mbili, dakika nne. Saa yako ikitimiza dakika nne tangu jiwe la tano, jiwe la saba litakuwa hapa ubavuni. Likiwahi au likichelewa, tuteremshe wote wawili, mie na huyu mpagazi, turudi kwa miguu."

 Macho yake yakarudi kwenye saa.

"Dakika tatu," akasema.

Sasa basi zima likanyoosha shingo madirishani.  Makaburi tulikwisha kuyapita upande wa kushoto, na mie nikawaomba radhi wale wazee moyoni, na nikawaomba wanisaidie maana jambo hili lilianza kwao.

"Tatu na nusu."

Jiwe halionekani. Kuna kona pale, na kichaka. Nikaanza kuwaza: je, tulihesabu kumi au tuliruka moja? Je, jiwe la saba lilipandwa sawa, au na lenyewe tulitafuta kivuli? Kwa vijana wale tuliokuwa, lolote linawezekana. Nikamshika Mihambo bega. Hakulitoa.

"Sekunde kumi zimebaki," Bwana Abeid akasema, na nikasikia sauti yake nayo imepanda.

Tukaikata kona.

"Tano. Nne. Tatu..." Sasa wote wanahesabu, Bi Tatu kuliko wote.

Jiwe la saba likapita dirishani, jeupe pee, na Bwana Abeid akapiga goti lake kwa kiganja. "Nne! Wallahi, dakika nne!"

Kelele zilizopigwa mle, nadhani Pugu walizisikia. Labda palikuwa na sekunde moja ya zaidi, sikuuliza, na wewe daftari usiniulize. Mihambo akasimamisha gari kando, akalaza kichwa juu ya usukani. Bwana Abeid akainama akatazama vile vitarakimu vidogo ndani ya spidomita vinavyohesabu maili, akakuta tangu jiwe la tano vimehesabu tatu. Barabara ni maili mbili, kitu kinasema tatu. Hatua tatu za Mwanahawa, hatua zangu mbili!

Kijana yule akacheka mpaka akavua miwani. Akaazima rangi ya kucha kwa binti mmoja, akatia nukta nyekundu kwenye kioo, juu ya arobaini na tano. "Hii ndiyo thelathini yako," akamwambia Mihambo. "Usiipite. Na funguo kaa nazo." Kisha akanigeukia. "Mzee wangu, mawe mengine mangapi mliyapanda kivulini?"

Nikamwambia lile moja tu.

Daftari, wewe sikufichi. Barabara ya kwenda Mbweni, wasiende kupima pale kwenye kisima cha maji baridi.

Lakini hayo yote siyo yaliyonifanya nishike kalamu. Tulipofika hapa Gongo la Mboto nikateremka wa mwisho makusudi. Nilitaka kumwambia Mihambo jambo, kwamba mdomo wangu ndio uliomtia shimoni. Nikasimama mlangoni mwa basi, kofia mkononi.

Akanitazama. Nikaogopa ataniamkia.

"We Mzaramo," akasema, "kumbe ndio maana kwenu hakufiki! Mmeiba mpaka barabara! Watu wanaiba kuku, wewe umeiba minyororo kumi ya serikali ukaificha chini ya mkorosho! Teremka, mwizi mkubwa, kabla hujaondoka na usukani!"

Nilicheka hadi nikakaa chini mchangani, na kofia yangu akaichukua.

Kisha, nusu saa iliyopita, amekuja hapa nyumbani. Hakubisha hodi, hakumsalimia mtu. Amepita ukumbini mpaka uani, amemkamata jogoo wangu mwekundu, yule mkubwa anayeniamsha kila alfajiri, na kumtia kwapani. Mwanahawa akaniuliza utamwacha aondoke naye hivi hivi? Nikamwambia hiyo ndiyo faini yangu, na ni haki yake ya mtani. Mwanahawa akasema faini ndogo hiyo, angeiazima ile rangi nyekundu anitie nukta mdomoni, nijue pa kuishia.

Ana haki. Mbele ya mtu asiyetujua, sitataja tena mwendo wa gari la mtu kwa mdomo. Nitautaja kwa saa na mawe, tena mawe niliyoyapanda sawa. Matusi mengine yote yanabaki pale pale.

Sasa hivi jogoo wangu yuko kwa Mihambo, mbali na masikio yangu, labda amekwisha kuzoea. Safari ya kesho ni alfajiri, na mie nimeandaa tusi jipya la kumfungulia nalo.

Ila nani ataniamsha niliwahi basi?